Unga wa Njano

Jioni moja ya mwezi Februari unga wangu mweupe ulikuwa umekwisha, nikasonga ugali kwa unga wa mahindi ya njano nilioununua katika duka la kijiji, ule ambao Wataliano huupikia polenta. Nilikuwa jikoni kwa bibi mmoja jirani yangu, katika jimbo la Mayo, magharibi mwa Ireland, ambaye nimekuwa nikimpikia mara mbili kwa juma tangu goti lake lilipoanza kumsumbua. Ana umri wa miaka 88. Amekwisha kula pilau yangu, amekula maharage ya nazi, na mara zote hukomba sahani. Safari hii nilimwekea tonge kubwa la ugali, kabichi na kipande cha samaki. Akainama, akakitazama chakula, akakinusa, kisha akaisukuma sahani polepole kwa ncha za vidole mpaka ikafika katikati ya meza.

"Min bhuí," alisema.

Kwa Kiairishi maana yake ni unga wa njano. Nilipomwuliza kuna nini, akanijibu kwamba kwao unga ule ulikuwa wa kuku, na kabla ya kuku ulikuwa wa watu ambao hawakuwa na namna nyingine. Hakuongeza neno. Nikamkaangia yai, akala, tukazungumza habari za mvua.

Nimewahi kumwona mtu mwingine mmoja tu akiisukuma sahani namna ile. Ni mama yangu mzazi.

## Madaftari ya watoto

Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, nikaanza kusoma. Kati ya mwaka 1937 na 1939, tume ya serikali iliyoshughulikia masimulizi ya kale iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi katika majimbo 26 ya Ireland wawaulize wazazi na babu zao habari za zamani, kisha waziandike. Watoto wapatao 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 waliifanya kazi hiyo, na leo kurasa zao zinasomeka kwenye intaneti, mwandiko wa wino pamoja na madoa yake. Mojawapo ya mada walizopewa ilikuwa chakula cha zamani: watu walikula mara ngapi kwa siku, walikula nini, meza ilikaa wapi, walinywea chombo gani.

Nilisoma usiku hadi usiku, na jambo la kwanza lililonigusa ni kurudiarudia. Viazi asubuhi, viazi mchana, viazi usiku. Mtindi kando yake, na mtindi ukikosekana, chumvi iliyoyeyushwa katika maji. Uji wa oti. Ng'onda siku ya Ijumaa, siku ambayo Kanisa lilikataza nyama. Meza iliegemezwa ukutani mpaka ihitajike, na watu walinywea vikombe vya mbao kabla vya kauri havijafika. Wengi walikuwa wamefanya kazi ya saa mbili au tatu shambani kabla ya kutia kitu kinywani. Kisha kinakuja kisa cha majani ya chai, ambacho nimekikuta zaidi ya mara moja: chai ilipofika kijijini kwa mara ya kwanza, mama wa nyumba aliyachemsha majani, akamwaga maji yake, akawapa watu majani wayale.

Nilitazamia kwamba unga wa njano ungefichwa humo. Haukufichwa. Watoto wanautaja katika mstari uleule wa viazi na oti: uji wa njano na maziwa kwa chakula cha jioni, mkate wa njano siku nyingine. Wanautaja bila kusita, kama mtu anayesoma orodha ya vyombo vya nyumbani.

Hapo ndipo nilipopotea. Kama watoto wa mwaka 1938 waliweza kuuandika kwa utulivu kiasi hicho, kwa nini bibi aliyezaliwa karibu na mwaka huo ashindwe kuwa nao juu ya meza moja?

## Meza iliyosukwa

Karibu na mji wa Castlebar, mahali paitwapo Turlough Park, kuna jumba la makumbusho la maisha ya vijijini. Nilikwenda Jumamosi moja ya mvua, nikasimama mbele ya kitu cha duara kilichosukwa kwa fito nyembamba za mti uotao kando ya mto, chenye kina kidogo na ukingo wa kidole kimoja au viwili. Nilisema kwa sauti, peke yangu: ungo.

Haukuwa ungo wa kupepetea. Viazi vilipoiva, chungu kizima kilimiminwa juu ya kikapu hicho, maji yakachuja kupitia katikati ya fito, kisha kikapu kikawekwa juu ya chungu chenyewe karibu na moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza. Watu walikaa kukizunguka juu ya vigoda, kila mmoja akichukua upande wake, wakimenya kwa kucha na kula kwa mkono, na katikati palikuwa na kibakuli cha chumvi au kikombe cha mtindi kilichopita kutoka mkono hadi mkono. Aliyekulia kwenye sinia moja na ndugu zake hahitaji kuelezwa adabu ya mlo huo: mikono inakwenda kwa zamu, aliye mdogo anaachiwa, na hakuna anayevuka mpaka wa mwenzake.

Lugha yao ina neno ambalo sikulitegemea. Anlann. Nimejaribu kulieleza kwa Kiingereza na kila mara linapungua, ila kwa Kiswahili halihitaji jasho: ni kitoweo. Kuna chakula, na kuna kile kinachokisindikiza chakula ili kishuke. Chakula kilikuwa viazi. Kitoweo kilikuwa mtindi, samaki wa chumvi, kipande cha nyama ya nguruwe, au mwani uliokaushwa. Wana methali isemayo kwamba njaa ni kitoweo kizuri. Wana pia usemi juu ya viazi vya kuelekeza: nyumba ikiwa na samaki mmoja tu, huning'inizwa juu ya moto, na kila mtu huelekeza kiazi chake upande wa samaki kabla ya kukitia kinywani.

Kuna ufundi mwingine uliokaa nami zaidi ya huo. Viazi vingine vilichemshwa visiive sana, kiini kikaachwa kigumu, nao waliita kiini hicho mfupa wa kiazi. Kiazi chenye mfupa hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Mtu anayekwenda kulima siku nzima alipewa chenye mfupa.

Nilikuwa nimekuja na huruma tele, na lazima nikiri kwamba huruma hiyo haikuwa na msingi niliofikiri. Kabla ya mwaka 1845 mwanamume wa kazi aliweza kula kilo tano hadi sita za viazi kwa siku. Viazi vya kiasi hicho pamoja na maziwa vilimpa karibu kila kitu ambacho mwili unakitaka. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za askari wa Kampuni ya India Mashariki wamekuta kwamba vijana wa Ireland walioandikishwa katika enzi hiyo walikuwa warefu kidogo kuliko wenzao wa Uingereza, ingawa walitoka katika nyumba maskini zaidi. Mlo ule tunaouita wa dhiki ulijenga mifupa.

Basi dhiki ilikuwa wapi?

## Siagi ilikwenda Cork

Jibu nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuliona, kwa sababu lilikuwa ndani ya kikombe. Mtindi ndio kitoweo kinachotajwa kuliko vyote katika madaftari yale. Nami nimekuwa nikilisoma neno hilo kama jina la kinywaji, nikisahau kile ambacho kila mwenye ng'ombe anakijua: mtindi ni kile kinachobaki siagi ikishatolewa.

Siagi yenyewe ilikwenda wapi?

Ilikwenda Cork. Katika mji huo wa kusini lilianzishwa mwaka 1770 soko la siagi lililokuja kuwa kubwa kuliko yote duniani. Siagi ilipakiwa ndani ya mapipa madogo ya mbao, ikatiwa chumvi, ikakaguliwa na kupangwa kwa madaraja, kisha ikasafirishwa mpaka visiwa vya Karibiani. Tayari mwaka 1748 ilikuwa imejengwa barabara ya kutoka Castleisland, katika jimbo la Kerry, kwenda Cork, ili mapipa hayo yapite. Soko lilifungwa mwaka 1924. Fedha ya siagi haikukaa sana mfukoni mwa aliyeisuka, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya kabaila na kodi ilikuwa na tarehe yake. Nguruwe naye, aliyelishwa viazi vidogo na maganda, waliita bwana anayelipa kodi. Oti nyingi ziliuzwa. Mayai, ambayo yalikuwa mali ya mama wa nyumba, yaliuzwa ili anunue chai na sukari.

Walikula kile kilichobaki.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, nikihofu kwamba inawafanya watu wale waonekane kama wapokeaji tu wa makombo, ilhali kila kitu katika jiko lao kinaonyesha akili na uangalifu. Lakini ni kweli, na ukishaijua, mambo mengine yanafunguka. Chukua miiko ya kusuka siagi. Mgeni aliyeingia nyumbani wakati maziwa yanasukwa ilimpasa ashike mchi na kusuka kidogo, la sivyo angeondoka na baraka ya nyumba. Siku ya kwanza ya mwezi Mei hakuna aliyemruhusu jirani kutoka na maziwa au kijinga cha moto, kwa kuwa siku hiyo siagi ya mwaka mzima ingeweza kuibwa kwa uchawi. Niliposoma mara ya kwanza niliona imani za kale tu. Sasa naona nyumba ambayo siagi ikigoma kushikana, kodi haitimii. Na kodi isipotimia, nyumba yenyewe inavunjwa. Ni nani asingeogopa?

## Julai ya Kabichi

Viazi vina udhaifu mmoja ambao nafaka haina: havikai. Vya mwaka uliopita vilikuwa vimechipua au kuoza ifikapo mwanzo wa kiangazi, na vipya havikuwa tayari mpaka Agosti. Katikati palikuwa na mwezi walioutaja kwa majina mawili, Julai ya Njaa na Julai ya Kabichi. Jumapili ya mwisho ya Julai ilikuwa sikukuu ya kuchimba viazi vya kwanza, na aliyechimba kabla ya siku hiyo alionekana kuwa mtu asiyejua kutunza nyumba yake.

Katika majuma hayo ndipo ujuzi wa chakula cha porini ulipofanya kazi. Majani yawashayo, ambayo desturi ilitaka yaliwe mara tatu katika mwezi Mei ili kusafisha damu, yaliendelea kuchumwa. Watu wa pwani walikwenda miambani wakati wa maji kupwa kutafuta mwani mwekundu wa kutafuna, konokono wa bahari wanaong'ang'ania jiwe, na mwani mwingine uitwao carraigín, maana yake mwamba mdogo, ambao ukichemshwa na maziwa hugandisha kama faluda. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani Unguja tangu mwaka 1989 wanaijua bidhaa hiyo bila kulijua jina lake la asili: kigandisho ambacho viwanda hukikamua kutoka katika mwani wao, karajinani, kiliitwa hivyo kwa sababu ya mwani huu wa Ireland.

Bibi yangu huyu anaupenda carraigín mpaka leo. Lakini konokono wa miambani hataki kuwasikia, na nilipomwuliza sababu alisema tu kwamba ukiona maganda yake mengi nje ya nyumba ya mtu, ulijua mambo yake.

Hili ndilo lililonigeuza. Chakula kilekile cha porini, kutoka jiwe lilelile: kimoja ni kitamu, kingine ni ushahidi.

Na kwa wale ambao hata vyakula hivyo havikuwatosha, palikuwa na duka. Mwenye duka alitoa unga kwa mkopo mpaka mavuno, pamoja na riba, ambayo kwa Kiairishi ni gaimbín. Na mtu wa namna hiyo akaitwa kwa jina la riba yake. Deni liliandikwa kitabuni. Kijiji kizima kilijua nani anatoka dukani na mfuko gani kabla viazi vipya havijachimbwa.

## Shehena ya Peel

Sitasimulia njaa kuu kwa urefu. Ugonjwa ulioangamiza viazi ulionekana Ireland mwezi Septemba 1845, ukarudi mwaka uliofuata na kuharibu karibu zao lote, katika nchi ambayo watu wapatao milioni tatu hawakuwa na chakula kingine. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane. Ya mwaka 1851 ilihesabu milioni sita na nusu. Karibu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja walipanda meli.

Ninachotaka kukitazama ni unga. Mwezi Novemba 1845 waziri mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza kwa siri mahindi ya pauni 100,000 kutoka Marekani. Yalifika Cork mapema mwaka 1846. Yalikuwa mahindi makavu, magumu kama changarawe, katika nchi ambayo vinu vyake vilizoea oti na ngano, na kati ya waliogawiwa hakuna aliyejua yapikwe kwa muda gani. Waliyala yakiwa hayajaiva. Matumbo yaliwasokota, na kwa sababu ya rangi yake pamoja na maumivu hayo wakayaita kiberiti cha Peel. Baadaye, viazi vilipokosekana kabisa, hata waliojaliwa kushiba uji wa njano walianza kuugua kiseyeye, kwa kuwa kiazi kilikuwa kimewapa vitamini C miaka yote bila wao kuhitaji kuijua.

Hata hivyo mahindi hayakuondoka. Baada ya njaa, kwa miongo mingi, unga wa njano uliendelea kuwa chakula cha nyumba maskini, wenye kununuliwa kwa deni mwezi Julai, mpaka watu walipojifunza kuupika vizuri, wakauchanganya na ngano, na watoto wa shule wa mwaka 1938 wakauandika bila kigugumizi. Walikuwa wakiandika habari za babu zao. Bibi jirani yangu angekuwa akila aibu ya nyumba yake mwenyewe, au ya nyumba iliyokuwa karibu sana na yake.

Hilo ninalikisia. Hajaniambia.

Ninalikisia kwa sababu ya mama. Wakati wa upungufu mkubwa wa chakula mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa msichana Dar es Salaam, akitumwa alfajiri kupanga foleni kwenye duka la ushirika, na alichorudi nacho mara nyingi ni unga wa yanga, ule wa njano uliotoka Marekani. Sisi wanawe tulilelewa tukijua kwamba unga wa njano haununuliwi nyumbani kwetu hata ukiwa nusu ya bei. Kwa muda mrefu nilidhani ni suala la ladha. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamwuliza moja kwa moja. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba ladha haikuwa mbaya hata kidogo, hasa ukiupata moto na dagaa. Kilichomkaa moyoni ni kurudi nyumbani akiwa ameubeba kichwani, na mfuko umeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ni zawadi.

"Kila mtu alisoma, mwanangu," alisema.

Nilimsimulia habari za bibi. Akaniagiza nimwombe radhi.

## Mkate

Nilimwomba radhi. Alishangaa, kwa kuwa alikuwa ameisahau jioni ile au alitaka nione kwamba ameisahau. Nikamweleza kuhusu mama na foleni na mfuko. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya goti, kisha akaniuliza kama ule unga bado ninao.

Ulikuwepo, zaidi ya nusu ya pakiti. Akaniamuru nitoe ngano, magadi na maziwa ya mtindi, na nikaambiwa niende bandani kuleta chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko wa bapa, kizito kiasi kwamba nilikibeba kwa mikono miwili. Mkate wa magadi si wa kale kama watalii wanavyoambiwa. Magadi yalifika vijijini kuanzia miaka ya 1830 na 1840, na kabla yake mkate wa kila siku ulikuwa wa oti, mwembamba, uliokaushwa ukisimama mbele ya moto. Lakini chungu kile kilikuwa cha nyanya yake. Akachanganya konzi moja ya unga wa njano na konzi tatu za ngano, akamimina mtindi, akaukusanya unga kwa mkono mmoja bila kuukanda, kwa kuwa ukikandwa unakuwa mgumu, akaukata msalaba juu. "Taratibu, a stór," aliniambia nilipokuwa nikikiinamisha chungu, yaani hazina yangu. Tukauoka kwa moto wa juu na chini, makaa ya mboji, udongo wa kinamasi unaokaushwa kuwa kuni, yakiwa yamepaliwa juu ya mfuniko, kama nyumbani unavyopikwa mkate wa kumimina.

Ulipotoka ulikuwa na gamba la dhahabu lililopasuka kufuata msalaba. Aliufunga kwa kitambaa, akausubiri upoe, akanikatia kipande kinene, akakipaka siagi mpaka pembezoni.

Yeye hakula. Alikaa akinitazama nikitafuna, akaniuliza kama katikati pameiva.